Kufundisha Kiingereza majuu: waanzilishi wengi wa kazi hii wasingeajiriwa leo

Najua nimepotea. Majaribio yalinibana kila upande, na bumu nalo lilichelewa mpaka chumbani kwetu tukaanza kuhesabiana chapati. Sasa nimepumua kidogo, ngoja nitue mzigo ulionikaa kifuani.

Sisi wa mwaka wa tatu muhula huu tuna wimbo mmoja tu: tukitoka hapa tunakwenda wapi? Ajira za ualimu serikalini mnazijua zilivyo, waombaji ni wengi kuliko nafasi, na tunao kaka na dada waliohitimu miaka mingi nyuma ambao bado wanasubiri majina yatoke. Ndiyo maana tangazo lolote la kufundisha Kiingereza China, Korea Kusini au Japani likidondoka WhatsApp, linazunguka bweni zima kabla chai haijapoa. Na karibu kila tangazo lina mstari ule ule: mwombaji awe mzungumzaji mzawa wa Kiingereza, mwenye pasipoti ya nchi mojawapo kati ya zifuatazo. Inafuata orodha. Sisi hatumo.

Hapo watu hugawanyika. Wapo wanaosema tusijisumbue, Kiingereza chetu ni cha kukaririshwa. Wapo wanaosema ni ubaguzi mtupu, basi. Mimi kwa kuwa ni mtu wa historia nilijiuliza swali jingine kabisa: mstari huo uliandikwa lini, na nani? Maana kazi ya kwenda nchi ya watu kufundisha Kiingereza ina zaidi ya miaka 200. Je, walioianza walikuwa wanaulizwa wamezaliwa wapi?

Nimesoma, nimekusanya, na nimechagua zaidi Japani kwa sababu habari zake zimeandikwa vizuri. Kaeni vizuri, ni ndefu kidogo.

MWALIMU WA KWANZA ALIKUWA MHOLANZI

Wajapani wakati huo walikuwa wamejifungia. Wazungu pekee waliokubaliwa kufanya biashara ni Waholanzi, nao walibanwa kwenye kisiwa kidogo cha Dejima, bandarini Nagasaki. Wakalimani wa serikali walisomea Kiholanzi, na kazi hiyo ilirithiwa baba kwa mtoto.

Mwaka 1808 meli ya kivita ya Uingereza, HMS Phaeton, iliingia Nagasaki ikipeperusha bendera ya Uholanzi. Ikateka Waholanzi waliokwenda kuipokea, ikadai maji na chakula, ikapewa, ikaondoka zake. Mtawala wa Nagasaki alijiua kwa aibu. Serikali ikaona hatari: kuna taifa lenye mizinga, na hakuna mtu anayejua lugha yake. Mwaka uliofuata wakalimani wakaamriwa wajifunze Kiingereza.

Nani awafundishe? Mwingereza hakuwepo. Kazi ikamwangukia Jan Cock Blomhoff, Mholanzi wa pale Dejima aliyekijua Kiingereza. Kwa msingi wa masomo hayo wakalimani wakatengeneza kamusi ya kwanza ya Kiingereza na Kijapani mwaka 1814, yenye maneno kama 6,000. Matamshi yake yalikuwa na harufu ya Kiholanzi, hilo halina ubishi. Lakini kazi ilifanyika, na aliyeifanya alijifunza lugha hiyo ukubwani kama sisi tulivyojifunza darasani.

Mwanzo wa mambo ndio huo. Hitaji lilikuwa la haraka, na swali lilikuwa moja tu: nani hapa anajua?

WA PILI ALIFUNDISHA AKIWA KIFUNGONI

Huyu ndiye ninayempenda kuliko wote. Anaitwa Ranald MacDonald. Alizaliwa mwaka 1824 katika kituo cha biashara ya manyoya kwenye mdomo wa mto Columbia, sehemu ambayo leo ni jimbo la Oregon, Marekani. Baba yake alikuwa Mskoti mwajiriwa wa kampuni ya Hudson's Bay. Mama yake alikuwa binti wa Comcomly, chifu wa Wachinook, na alifariki muda mfupi baada ya kumzaa. Baba akamtafutia mtoto kazi benki huko Kanada. Kijana akaichoka, akatoroka, akawa baharia.

Kichwani alikuwa na ndoto ya Japani. Aliamini watu wa upande wa mama yake na Wajapani wana asili moja, na aliona kwamba siku nchi hiyo itakapofunguka, mtu anayeijua atapata nafasi nzuri. Mwaka 1848, akiwa kwenye meli ya kuwinda nyangumi iitwayo Plymouth, aliomba kushushwa kwenye mashua ndogo karibu na Hokkaido. Akaipindua mwenyewe makusudi ili aonekane kavunjikiwa chombo. Kwa lugha yetu: alizamia. Kuingia Japani bila ruhusa wakati huo ungeweza kulipa kwa kichwa chako.

Waainu wakampokea, maofisa wakamkamata, akasafirishwa mpaka Nagasaki. Usaili wake ulikuwa hivi: aliambiwa akanyage picha ya Bikira Maria, jaribio lililotumika kuwabaini Wakristo, maana dini hiyo ilipigwa marufuku. Akakanyaga, akapita. Halafu akafungiwa kwenye chumba chini ya ulinzi.

Hapo ndipo kazi ilipomfuata. Wakalimani 14 wakaanza kwenda kwake kusoma. Hakuna kitabu cha kiada, hakuna ubao. Walimsomea Kiingereza mmoja mmoja, naye akawasahihisha matamshi na kuwaeleza maana, pale alipoweza kwa Kijapani kidogo alichokuwa akiokota na kukiandika. Herufi za L na R ziliwasumbua sana. (Kuna watu nawafahamu hapa chuoni hilo wanalielewa vizuri, sitaji majina.) Mshahara wake ulikuwa chakula na uhai.

Aliendelea hivyo kwa miezi kama saba. Aprili 1849 meli ya kivita ya Marekani, USS Preble, ikaja kuchukua mabaharia waliokuwa wameshikiliwa, naye akaondoka nao. Alifariki mwaka 1894, na kitabu cha habari zake kilitoka mwaka 1923, yeye akiwa kaburini miaka 29.

Lakini wanafunzi wake walibaki. Mmoja wao, Moriyama Einosuke, ndiye aliyekuwa mkalimani mkuu Wamarekani wa Commodore Perry walipokuja kulazimisha mkataba mwaka 1854. Mazungumzo rasmi yalipita zaidi kwa Kiholanzi, ila Wamarekani walikuta mtu anayeweza kuongea nao Kiingereza bila kupitia kwa Mholanzi. Fikirieni hapo. Nchi ambayo ilikuwa inasukumwa kwa mizinga ilikuwa na angalau sikio moja lake yenyewe mezani.

MacDonald leo angepeleka nini kwenye ofisi ya viza? Shahada hana. Kibali hana. Kaingia kwa njia ya panya. Angerudishwa kwa ndege ya kwanza.

MGENI NJOO MWENYEJI APONE

Baada ya mapinduzi ya Meiji ya 1868 Japani ikafungua milango na kuanza kuajiri wageni kwa mikataba: wahandisi, madaktari, wanasheria, walimu. Walilipwa vizuri ajabu, mara nyingi kuliko mwenyeji wa cheo kikubwa. Mpango ulikuwa wazi kwamba wafundishe, kisha waondoke, wenyeji washike nafasi.

Katika mkia wa kundi hilo ndipo anapoingia Lafcadio Hearn. Alizaliwa mwaka 1850 kwenye kisiwa cha Lefkada. Mama Mgiriki, baba Mwairishi daktari wa jeshi la Uingereza. Wazazi wakaachana, akalelewa Dublin na ndugu wa upande wa baba. Akapoteza jicho moja shuleni, chuo kikuu hakuingia, akatupwa Marekani na nauli tu. Akajijenga kama mwandishi wa magazeti Cincinnati na New Orleans.

Aprili 1890 alifika Yokohama kuandika habari za Japani kwa ajili ya wachapishaji wa Marekani. Akagombana nao mapema, akajikuta ugenini, umri unakaribia miaka 40, mfukoni hamna kitu.

Sasa hapa wadau msikilize, maana mtajiona. Alipataje kazi? Kwa kujuana! Miaka michache nyuma, kwenye maonyesho makubwa ya New Orleans, alikutana na ofisa wa Kijapani, Hattori Ichizo, aliyekuwa akihudumia banda la nchi yake. Pia aliandikiana na Basil Hall Chamberlain, Mwingereza aliyekuwa profesa Chuo Kikuu cha Tokyo. Kupitia watu hao akapewa nafasi ya kufundisha Kiingereza katika shule za mji mdogo wa Matsue. Mwisho wa Agosti 1890 akafika, mshahara yen 100 kwa mwezi. Alikuwa hajawahi kuwa mwalimu.

Mwaka uliofuata akahamia Kumamoto kwa yen 200, na mwaka 1896 akaitwa Chuo Kikuu cha Tokyo kwa yen 400. Alioa Mjapani, Koizumi Setsu, na mwaka huo huo wa 1896 akachukua uraia wa Japani na jina la Koizumi Yakumo. Wanafunzi wake walimpenda, na vitabu vyake vya hadithi za Kijapani vinasomwa mpaka leo.

Ukimpeleka Hearn kwenye tangazo la leo, anaanguka mara mbili: shahada hana, na pasipoti yake ya mwisho ni ya Japani.

NA MWENYEJI JE?

Hapa ndipo hadithi inapouma. Mwaka 1903 chuo kikaacha kuendelea na mkataba wa Hearn. Wanafunzi wakalalamika sana. Nafasi yake wakaigawana watu watatu, na mmoja wao alikuwa Natsume Soseki.

Soseki alikuwa na kila kitu ambacho Hearn hakuwa nacho. Alihitimu fasihi ya Kiingereza katika chuo hicho hicho mwaka 1893, akafundisha Matsuyama, kisha Kumamoto, kwenye shule ile ile aliyopitia Hearn. Mwaka 1900 serikali ikampeleka London kwa miaka miwili na posho ya yen 1,800 kwa mwaka. Pesa haikutosha, akala vibaya, akajifungia chumbani kusoma mpaka watu wakahofia akili yake. Akarudi, akapewa darasa la Hearn.

Mshahara wake pale chuoni? Yen 800. Kwa mwezi? Hapana, kwa MWAKA. Hata ukisema vipindi vyake vilikuwa vichache, pengo hilo halizibiki. Ilibidi afundishe na sekondari ya juu pembeni, aongeze yen 700. Na wanafunzi bado walinung'unika kwamba hafanani na yule mgeni.

Waswahili tunasema mcheza kwao hutunzwa. Soseki alicheza kwao, hakutunzwa. Mwaka 1907 akaacha ualimu, akajiunga na gazeti la Asahi kuandika riwaya, na leo ni miongoni mwa waandishi wakubwa kabisa wa Japani. Riwaya yake Botchan ya mwaka 1906, inayotokana na maisha ya ualimu kule Matsuyama, mpaka sasa wanafunzi wa Kijapani wanaisoma.

Nimemweka Soseki hapa makusudi. Tunapozungumzia nani anaajiriwa majuu, upande wa pili yupo mwalimu mwenyeji ambaye amesoma zaidi na analipwa kidogo. Siku tukipata hizo nafasi tutakuwa tumekaa kwenye kiti cha Hearn. Tusimsahau aliye kwenye kiti cha Soseki.

MWENYE SIFA ZOTE, NA BADO AKATAABIKA

Msidhani basi kwamba mzawa alikuwa anateleza tu. Hearn alifariki Tokyo tarehe 26 Septemba 1904. Siku 12 baadaye, tarehe 8 Oktoba, kijana wa miaka 22 aliyehitimu lugha chuoni Dublin alipanda meli na mchumba wake kwenda kutafuta kazi yake ya kwanza ya kufundisha Kiingereza. Jina lake James Joyce.

Alikuwa ameahidiwa, kupitia wakala wa Uingereza, kwamba nafasi inamsubiri kwenye shule ya Berlitz mjini Zurich. Wakafika. Nafasi hakuna, na shuleni hawana habari naye. Akaambiwa ajaribu Trieste, bandari iliyokuwa chini ya Austria. Wakapanda treni. Siku ya kufika tu akawekwa ndani na polisi kwa kuingilia ugomvi wa mabaharia, huku mchumba akimsubiri nje bila kujua. Na Trieste nayo nafasi hakuna. Mwishowe akapelekwa Pola, leo Pula nchini Croatia, kufundisha maofisa wa jeshi la majini: pauni 2 kwa wiki kwa saa 16. Mwaka 1905 akarudi Trieste na huko akakaa miaka mingi, akifundisha na kukopa, kukopa na kufundisha. Mmoja wa wanafunzi wake wa masomo ya binafsi alikuja kujulikana kama Italo Svevo, mwandishi mkubwa wa Kiitaliano.

Kumbe wakala anayechukua pesa na kuahidi nafasi hewa si uvumbuzi wa enzi za WhatsApp!

Hizo shule za Berlitz ni muhimu kwenye hadithi yetu. Zilianza mwaka 1878 huko Providence, Marekani. Shule zenyewe husimulia kwamba Maximilian Berlitz aliajiri Mfaransa, akaja kugundua kuwa hajui Kiingereza hata kidogo. Berlitz alikuwa mgonjwa, akamwambia aonyeshe vitu kwa kidole na kuvitaja kwa Kifaransa. Aliporudi darasani baada ya wiki kadhaa akakuta wanafunzi wanaongea. Ndipo ukazaliwa utaratibu wa kufundisha kwa lugha lengwa tu, kila mwalimu afundishe lugha ya kwao.

Mnaona? Hapo "mzawa" akaanza kuwa bidhaa. Ni rahisi kuuza: mteja hawezi kupima ujuzi wa mwalimu, lakini anaweza kusikia lafudhi na kuona sura.

MWAKA 1961, HAPA JIRANI

Sasa shikeni viti. Mnajua ni wapi wazo hilo lilipigwa mhuri wa kitaaluma? Makerere. Ndiyo, Makerere hiyo hiyo ya Kampala.

Januari 1961 palifanyika mkutano wa nchi za Jumuiya ya Madola kuhusu ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Makoloni yalikuwa yanapata uhuru, shule zinaongezeka, walimu hawatoshi. Miaka 31 baadaye, mwaka 1992, mtaalamu wa isimu Robert Phillipson alichambua ripoti ya mkutano ule kwenye kitabu chake Linguistic Imperialism. Akasema ulikuwa umejengwa juu ya imani tano: Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza peke yake, mwalimu bora ni mzungumzaji mzawa, kianze mapema iwezekanavyo, kadiri kinavyofundishwa kwa wingi ndivyo bora, na lugha nyingine zikitumika sana, kiwango cha Kiingereza kitashuka. Yeye akaziita zote tano upotofu.

Tukumbuke kwamba muhtasari huo ni wa Phillipson, na wapo wataalamu waliobishana naye. Lakini hoja yake juu ya ile imani ya pili mimi inaniingia. Mwalimu aliyejifunza lugha ukubwani anajua mahali inapokwama, kwa sababu alikwama hapo mwenyewe. Na ujuzi wa kufundisha mtu huusomea, hazaliwi nao.

Mwaka huo huo wa 1961 ukaanza mpango wa Teachers for East Africa, ulioleta vijana wa Kimarekani na Kiingereza kufundisha sekondari za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kwa wengi wao ilikuwa kazi ya kwanza maishani. Mwandishi Paul Theroux alianza hivyo hivyo, kwa njia ya Peace Corps: Malawi mwaka 1963, akafukuzwa nchini humo mwaka 1965, akahamia Makerere. Wazee wetu walifundishwa na vijana wa namna hiyo, na wengi huwakumbuka kwa wema. Yaani sisi tulikuwa "majuu" ya watu wengine.

ORODHA YAPATA MUHURI WA VIZA

Baada ya hapo mambo yakaenda haraka. Japani ilianzisha mpango wa JET mwaka 1987. Wakati huo Marekani ilikuwa inalalamikia biashara kutokuwa na uwiano, na Waziri Mkuu Nakasone alitaka kuonyesha kwamba nchi yake imefunguka. Walimu wasaidizi wakawa sehemu ya diplomasia. Mwaka wa kwanza walikuja watu 848, kutoka nchi nne tu: Marekani, Uingereza, Australia na New Zealand. Miaka iliyofuata ikaongeza nchi nyingi zaidi.

Korea Kusini ikafuata na mpango wa EPIK mwaka 1995. Huko orodha ina nchi saba: hizo nne, pamoja na Kanada, Ireland na Afrika Kusini. Kenya, Uganda, Ghana na Nigeria, ambako Kiingereza ni lugha rasmi, hazimo.

Kwa nini orodha? Fikiria ofisa wa viza aliye na mafaili 300 mezani. Kupima Kiingereza cha kila mtu ni kazi. Kusoma rangi ya pasipoti ni sekunde mbili. Mstari ule kwenye tangazo hauelezi uwezo wako. Unarahisisha kazi ya ofisa na biashara ya mwenye shule.

Na mwenye pasipoti nzuri naye hana ulinzi wa milele. Oktoba 2007 NOVA, mtandao mkubwa kuliko yote wa shule za mazungumzo ya Kiingereza nchini Japani, ulifilisika, na maelfu ya walimu wa kigeni wakabaki bila mishahara. Julai 2021 serikali ya China ilibana masomo ya ziada ya kulipia, na kampuni za masomo zikafungwa au kupunguza watu. Walioajiriwa kwa sababu ya sura waliachwa bila kuulizwa sura zao.

KIBAO KIKIGEUKA

Sasa tuseme ukweli wote, tusiwe wa kulia tu. Upo mpango wa Fulbright unaopeleka vijana kwenye vyuo vya Marekani kufundisha lugha za kwao kwa mwaka mmoja wa masomo. Kenya na Tanzania zimo, na lugha inayofundishwa ni Kiswahili. Wanaopelekwa mara nyingi ni walimu wa Kiingereza nyumbani. Wanakwenda majuu, na kinachowapatia kazi ni uzawa wao.

Kwa hiyo wapo Wamarekani waliosomea Kiswahili miaka kumi, wanakijua ngeli kuliko baadhi yetu (tusidanganyane, wapo), na kwenye nafasi hiyo hawatakiwi kwa kuwa si wazawa. Mbona hatujawahi kulalamika? Tukisema kanuni ni mbaya, iwe mbaya pande zote mbili. Mimi ningependa mwalimu apimwe kwa darasa lake: anajua lugha, anajua kuifundisha, wanafunzi wanatoka na kitu.

Na majuu si Asia tu. Rwanda ilipoamua mwaka 2008 kuhama kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza mashuleni, walimu kutoka Uganda na Kenya walivuka mpaka kwenda kufundisha. Oktoba 2022 ikapokea walimu 154 kutoka Zimbabwe kwa makubaliano ya serikali mbili. Sudan Kusini ilipopata uhuru mwaka 2011 ilikifanya Kiingereza lugha rasmi, na huko pia walimu wa Uganda na Kenya walikwenda. Hitaji lilikuwa kama lile la Nagasaki baada ya 1808: nani hapa karibu anajua?

Kwa anayetafuta, historia hii inatoa maswali matatu ya kuuliza kabla hujatuma vyeti. La kwanza, nani hasa ananiajiri, wakala au shule, na shule yenyewe inanijua? Joyce hakuliuliza hilo. La pili, nani ananifahamu huko? Hearn aliokolewa na watu wawili aliowahi kuongea nao vizuri miaka ya nyuma, basi msidharau mhadhiri mgeni mnayekutana naye kwenye semina. La tatu, shule ikifungwa kesho nitarudi kwa nauli ya nani? Waulizeni walimu wa NOVA.

Na ukikutana na ile orodha, soma, kama humo humo, pita tangazo linalofuata. Ila usitoke hapo ukidhani umepimwa Kiingereza ukaanguka. Hakuna aliyekupima. Blomhoff hakuwemo, na kamusi ya 1814 ilitoka kwenye darasa lake.

Haya wadau, nimechoka vidole. Anayemjua mtu aliyefundisha Kigali, Juba au huko Asia anipe mawasiliano yake, nataka kumhoji kwa ajili ya tasnifu. Jumatatu kuna wasilisho la semina, kundi letu bado halijaandika hata kichwa cha habari. Mniombee.